Mwalimu Anayeongea na Ubao

(Mhadhara uliotolewa Kindu, mkoa wa Maniema, Kongo, mbele ya walimu, wanafunzi wa ualimu na wazazi)



Naanza na karatasi moja. Ni robo ya ukurasa wa daftari la miraba, imechanwa kwa mkono, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya buluu: "Mwalimu, unaongeaka na tablo." Basi. Hakuna jina wala salamu. Niliikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga nililolitumia kukusanyia maoni ya wanafunzi, katika shule moja ya sekondari nilikofundisha hisabati. Siku hiyo nilikuwa nimeshika chaki kwa miaka kumi na mmoja.

Nilikasirika, sitawaficha. Nilizitandaza karatasi zote mezani nikaanza kuutafuta mwandiko, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi wa kuku. Nilimshuku kijana mmoja, kisha msichana mmoja, kisha nikaona aibu nikazirudisha karatasi ndani ya kopo. Kesho yake, katikati ya somo la sehemu, nikaisikia sauti yangu ikigonga ubao na kunirudia. Nilikuwa naandika huku nasema, watoto nimewapa mgongo, na kila nilichokieleza kilikuwa kinaishia kwenye mbao. Nikageuka. Safu ya mwisho walikuwa wanabishana kwa minong'ono juu ya mechi ya Maniema Union.

Sasa, katika miaka hiyo kumi na mmoja nilikaguliwa mara nyingi. Mainspekta walikuja, wakasoma fishi zangu za matayarisho, wakatazama jarida la darasa, wakakaa somo zima au nusu yake, wakaandika ripoti nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba naongea na ubao, na si kwamba walinionea huruma. Inspekta akija huwekewa kiti nyuma ya darasa. Mkubwa akikaa nyuma, mwalimu hutazama nyuma. Siku ya ukaguzi sikuongea na ubao hata kidogo! Niliongea na inspekta. Watoto ndio walioniona Jumanne ya kawaida, saa ya nne, jua likichoma mabati, mimi sijui kama natazamwa.

Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza jioni hii: dodoso la wanafunzi, yaani kuwauliza wanaofundishwa namna wanavyofundishwa, ili somo la wiki ijayo liwe zuri kuliko la wiki hii. Wengine huliita uchunguzi wa maoni. Jina lolote mtakalopenda, mradi tusilichanganye na kumpima mwalimu ili apandishwe au afukuzwe. Hiyo ni kazi nyingine, na nitafika huko.

Najua neno la kwanza litakalotoka kwa wazee waliopo hapa. Tangu lini mtoto akamkosoa mkubwa? Nimelelewa hapa, nalijua jambo hilo. Mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Akitumwa huenda, akiulizwa hutazama chini. Lakini ninyi wazazi mnajua pia kwamba mtoto huyohuyo, akishavua shati la shule, hukaa chini ya mwembe na kumwigiza mwalimu wake kuanzia kikohozi hadi namna anavyopandisha suruali. Dodoso linafanyika kila jioni katika mitaa ya Mikelenge, Kasuku na Alunguli. Anayekosa kulisoma ni mwalimu peke yake.

Na kuna woga mwingine, wenye umri mkubwa kuliko mwembe wowote wa mtaani kwetu. Katika nchi hii mwanafunzi alipojaribu kusema juu ya masomo yake alilipia. Mwaka 1964 wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, waligoma wakidai, pamoja na mambo mengine, washirikishwe katika uongozi wa chuo chao. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana tena, na askari wakawafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, mwezi kama ule, wenzao waliotaka kuwakumbuka waliokufa walichukuliwa wakavishwa sare za jeshi. Mwaka huohuo wa 1971 vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na kitivo cha saikolojia na elimu kikawekwa Kisangani. Baadhi yetu tuliomo humu tumepata ualimu wetu kutoka kwa watu wa kitivo hicho. Kwa hiyo mababa wa walimu wetu walikuwa vijana wakati ule, na walijifunza kwamba fikra juu ya profesa hubaki tumboni. Mwalimu aliyejifunza kunyamaza atawafundisha wake kunyamaza, hata asipokusudia.

Ndiyo maana siwezi kuingia darasani, nikagawa karatasi, nikasema "kuweni huru", nikategemea kupata ukweli. Uhuru hauji kwa kutangazwa na mwenye kushika alama.

Mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, na kwa Kifaransa. Swali lilikuwa refu, zuri, lenye nomino tatu: mnaionaje mbinu ya ufundishaji ya profesa? Majibu yakaja safi kama mashati ya Jumapili. Très bien. Très bien. Bien expliqué. Kijana mmoja aliongeza "merci". Nilifurahi siku mbili nzima. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nimewapa mtihani wa Kifaransa, nao walikuwa wameufaulu.

Mtaniambia sheria. Naam, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema lugha za taifa au za mazingira zitumike katika kufundishia, na Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia. Sina ugomvi nayo. Fundisha kwa Kifaransa. Lakini unapouliza mtu anaumwa wapi, muulize kwa lugha anayougulia. Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya pembe katika karne ya 19, kikapita Nyangwe na Kasongo enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, na njia kiliyopita si ya kujivunia. Lakini leo ndicho mtoto wa Kindu anachokitumia akijikwaa, akicheka na akinung'unika. Nilipouliza mara ya pili niliandika ubaoni kwa Kiswahili cha hapa, si cha redio. Kopo likajaa.

Nitawasomea baadhi, kama yalivyo. "Unafutaka tablo mbele tumalize kuandika." "Mfano ya kwanza tunaelewaka, ya pili unarukaka." "Uite na batu ba nyuma." "Kama mvua inanyesha usiseme, andika tu." Huyu wa mvua nimemtafakari sana. Chini ya mabati ya shule zetu mvua ya Maniema haikuachii hata neno moja. Mimi nilikuwa nashindana nayo, napiga kelele hadi koo linaniuma, na nusu ya darasa wanaona mdomo tu ukifunguka. Tangu siku hiyo nina mazoezi ya mvua: karatasi kubwa mbili nilizoziandika nyumbani, nazitundika ikianza kunyesha, na watoto hufanya kazi kimya mpaka ipite. Hakuna kitabu cha ualimu kilichonifundisha hilo.

Na hili: "Asubuhi sisi ba Alunguli tunakutaka umeshaanza." Wanaovuka mto Lualaba kwa mtumbwi hawapangi saa zao wenyewe. Ukungu ukilala juu ya maji, wapiga kasia wanangoja. Mtumbwi usipojaa watu, wanangoja. Mimi kanuni mpya nilikuwa naitoa dakika za kwanza, kichwa kikiwa bado cha baridi, kama tulivyofundishwa. Kwa hiyo watoto wa ng'ambo walikuwa wanakosa kanuni na kupata mifano ya kitu wasichokijua. Mwaka mzima niliwahesabu kuwa wazito wa hisabati! Nikahamisha: masahihisho ya kazi ya nyumbani yakaja mwanzo, kanuni ikaja baadaye. Sikuhitaji ruhusa ya mtu wala fedha ya mradi.

Tatizo la pili lilikuwa mwandiko. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto sitini anaijua kila "a" na kila "g". Watoto wanajua kwamba anajua. Wakaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa, mmoja akamwandikisha mdogo wake. Nikaona nawafundisha kughushi. Ndipo mama mmoja, mwalimu wa msingi mwenye watoto wasiojua bado kuandika sentensi, akanipa njia yake: punje. Hindi ni ndiyo, haragi ni hapana. Kila mtoto anapewa moja ya kila aina, anapita mbele ya kopo lililofunikwa kitambaa, anaingiza mkono uliofumbwa, anaacha punje moja, nyingine anarudi nayo ndani ya ngumi na kuitia kwenye mfuko wa masalio. Punje haina mwandiko. Karanga tulizijaribu, hazikufika kwenye kopo.

Nilitaka hapa niwapeleke mbali kidogo, Bologna, Italia, katika karne za kati, ambako wanafunzi ndio waliowaajiri maprofesa, wakawatoza faini kwa kuchelewa, kwa kupitisha kengele na hata kwa kuruka vifungu vigumu, na wakachagua kwa siri wenzao wa kuwachongea maprofesa wakosaji. Ni hadithi tamu. Lakini naona tumefika katikati ya mhadhara, na ingekuwa kichekesho nisifanye ninachokihubiri. Makopo matatu yapo mlangoni, na maswali matatu yapo ubaoni. La kwanza: unanisikia vizuri hapo ulipo? La pili: nimeshasema jambo unaloweza kulifanya Jumatatu darasani kwako? La tatu: niendelee na habari za Bologna?

(Hapa mhadhara ulisimama kwa muda, makopo yakazungushwa, punje zikahesabiwa mezani mbele ya watu.)

Haya. Kopo la kwanza: mahindi mengi, lakini maharagi si haba, na sauti za vijana mlioketi madirishani zinaniambia yametoka wapi. Kwa hiyo naiacha meza hii na kuja kusimama hapa katikati, kati ya safu. Kopo la pili: maharagi yamezidi. Hilo limeniuma, na ni haki yenu. Kopo la tatu: Bologna imekataliwa. Na kuna mtu ametia kifungo cha shati. Naye amejibu, sijui amesema nini, ila amejibu.

Basi, Jumatatu.

Usianze na maswali kumi. Anza na mawili. Yaulize juu ya kitu ambacho mtoto amekiona kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake, si juu ya hukumu. Usiulize "mimi ni mwalimu mzuri?" Mtoto atakuonea huruma au atalipa kisasi. Uliza: nikisahihisha kosa lako, unaelewa kwa nini ulikosa? Uliza: wiki hii nimekuita angalau mara moja? Uliza: ukiwa hukuelewa, una namna ya kuniambia? Kila swali liwe na kitu unachoweza kukibadilisha wewe mwenyewe. Kama dirisha halina kioo na wewe huna kioo, usiulize juu ya dirisha. Unawafundisha kwamba kuulizwa ni upuuzi.

Hili la kuuliza wanachokiona si wazo langu peke yangu. Marekani, kati ya mwaka 2009 na 2012, mradi mmoja mkubwa uliogharamiwa na wakfu wa Gates ulichunguza kazi ya walimu karibu 3,000, na wanafunzi wao wakajibu maswali yaliyotungwa na Ronald Ferguson wa Harvard. Maswali yaliyolingana zaidi na kujifunza kwa watoto hayakuwa yale ya upole wa mwalimu. Yalikuwa ya kawaida mno: je, darasani kwenu muda haupotei? Je, mnajifunza kurekebisha makosa yenu?  Mtoto hajui nadharia ya ufundishaji, lakini anajua kama jana dakika ishirini zilikwenda katika kunakili.

Ukiuliza vibaya, utapata uongo wenye takwimu. Nitawapa mifano miwili tu, na wa kwanza unatuhusu sana sisi Wakongomani tunaopenda Kifaransa kinene. Mwaka 1970, Marekani, watafiti walimchukua mwigizaji, Michael Fox, wakampa jina la daktari na wasifu wa kubuni, wakamfundisha kutoa mhadhara juu ya hisabati ya michezo na elimu ya matabibu. Mhadhara haukuwa na kitu: maneno yaliyojipinga, mifano isiyohusiana, ucheshi mwingi. Wasikilizaji walikuwa madaktari wa akili, wanasaikolojia na wafanyakazi wa jamii. Walimpa alama za juu. Ninyi vijana wa vyuo, niambieni kama hamjampigia makofi mtu wa namna hiyo! Anashuka kwenye ndege, ana tai, ana "néanmoins" na "en dernière analyse", na mkitoka ukumbini hakuna anayeweza kumweleza mwenzake kilichosemwa, lakini wote mnasema: huyo ni profesa kweli.

Mfano wa pili ni wa akina mama. Mwaka 2015 watafiti wa North Carolina walichapisha habari za kozi moja iliyofundishwa kwa intaneti, ambapo wanafunzi hawakuwaona wasaidizi wawili waliokuwa wakiwafundisha, mwanamume na mwanamke. Kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina la kiume na jingine kwa jina la kike. Kazi zilirudishwa kwa siku zilezile. Wanafunzi waliodhani msaidizi wao ni mwanamke walimpa alama ndogo, hata kwenye swali la kuwahi kurudisha kazi. Lilikuwa kundi dogo, darasa moja tu, lakini nikilisoma nawafikiria walimu wanawake wachache wa hisabati na fizikia katika mkoa huu. Prefe, yaani mkuu wa shule, akija na fomu akajumlisha alama za watoto, atasema takwimu ndizo zilizomhukumu mama huyu. Kumbe zimesema mambo ya watoto na nyumba walizotoka.

Kwa sababu hiyo naomba kwa nguvu zangu zote, na wenye vyeo waliopo wanisamehe: matokeo ya kopo yasipelekwe ofisini. Tulijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa majirani zetu vyuo vikuu vina fomu za mwisho wa muhula za kumpima mhadhiri. Zitatufikia, na pengine ni vizuri zitufikie. Lakini jambo hilo lina historia yake, lilianza Marekani miaka ya 1920, katika vyuo vikuu vya Seattle na Purdue, na karibu karne nzima wataalamu bado wanabishana kama alama hizo zinapima kujifunza au zinapima kupendwa. Katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hugawiwa kwa walimu bila kuchagua, watafiti Carrell na West walionyesha mwaka 2010 kwamba walimu waliopendwa na waliowapa wanafunzi matokeo mazuri katika kozi ya kwanza, wanafunzi wao walifanya vibaya zaidi katika kozi zilizofuata. Mwalimu akijua kwamba mkate wake unategemea punje, atafundisha punje. Na sisi tunalijua hilo kuliko wao. Tangu miaka ya 1990 mzazi ndiye aliyemlipa mwalimu wa Kongo kwa mchango unaoitwa prime. Mwalimu aliogopa kumfelisha mtoto wa anayemlisha. Septemba 2019 serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, iliyoahidiwa na Katiba ya 2006, tulidhani tumetoka kwenye mtego huo. Tusijitegee mwingine.

Na jambo moja zaidi, nalisema mbele ya mabinti mlio hapa. Kuna mambo hayaingii kwenye kopo. Mwalimu au profesa anayedai mwili wa msichana ili ampe alama, na katika nchi hii tumezoea kulifanyia jambo hilo mzaha hadi likapata jina lake, huyo haulizwi kwa hindi na haragi. Sheria ya Julai 2006 dhidi ya ukatili wa kingono inataja usumbufu huo kuwa kosa. Mwalimu, ukimkuta karatasini, usimjibu darasani, usimpe jina la "maoni". Binti, mtafute mtu mzima unayemwamini, na wewe mwalimu uliyeipata karatasi hiyo una wajibu usiotosheka kwa kubadilisha mpangilio wa somo.

Turudi Jumatatu. Lini? Katikati. Fomu ya mwisho wa mwaka ni barua ya rambirambi: waliozikwa hawatafaidi. Mwaka 1980 Peter Cohen alizikusanya tafiti zilizokuwapo juu ya jambo hili katika vyuo vikuu, akaona kwamba maoni yaliyorudishwa kwa mwalimu katikati ya muhula yalimsaidia kuboresha kazi yake, na yalimsaidia zaidi pale alipokaa na mwenzake wakayazungumza. Mwenzake, si mkubwa wake. Mnazo siku za kukutana walimu wa somo moja. Badala ya kusoma maagizo kwa sauti, mmoja alete kopo lake.

Kwetu vyuoni neno "katikati" lina shida yake. Mnajua kozi zinavyokuja: profesa mgeni anasubiriwa miezi, ndege ikipatikana anatua, saa sitini zinamalizwa katika siku kumi asubuhi na jioni, mtihani, kisha anaondoka. Nimekuwa mwanafunzi wa kozi za namna hiyo, na kwa chuo kimoja cha mbali nimekuwa profesa wake. Katikati ni siku ya nne, basi. Siku ya nne jioni, kabla hawajatoka, swali moja tu: ni kitu gani cha siku hizi nne nikirudie kesho? Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, darasa karibu zima lilitaja kitu cha siku ya kwanza. Maana yake siku ya pili, ya tatu na ya nne nilikuwa najenga ghorofa juu ya msingi usiokuwapo. Nilipoteza asubuhi nzima kurudia, na silabusi haikwisha. Kuna waliolalamika kwamba silabusi waliyoinunua haikwisha. Walikuwa na haki nao.

Sasa sehemu ambayo wengi wetu tunaangukia, na mimi nimeanguka vibaya. Kujibu. Mwaka mmoja nilikuwa na madarasa manne na mgonjwa nyumbani. Nilizungusha kopo, nikakusanya, nikaweka juu ya kabati. Nikasema nitazisoma wikiendi. Wikiendi ikapita, mvua ikapita, mchwa wakapanda kwenye kabati wakazisoma badala yangu. Muhula uliofuata nikagawa vipande vya karatasi tena kwa uso mkavu. Vingi vilirudi vitupu. Kimoja kilikuwa na maneno haya: "Tulishaandika."

Sijapata ripoti ya inspekta iliyonipiga kama ile. Siku hiyo nilisimama nikawaambia kilichotokea, pamoja na mchwa. Walicheka, nikashukuru kwa kicheko. Tangu hapo nina kanuni moja tu ambayo siivunji: punje zinahesabiwa mbele yao, palepale, na karatasi zinajibiwa kipindi kinachofuata, kabla ya somo. Naandika ubaoni safu tatu. Hiki nimekisikia na nitakibadilisha kuanzia leo. Hiki nimekisikia, siwezi, na sababu ni hii. Hiki nimekisikia na sikubali. Hicho cha tatu ni muhimu sana. Walinitaka niache kuwauliza maswali ya ghafla. Nilikataa, nikawaeleza kwa nini. Mwalimu anayekubali kila kitu hawaheshimu watoto, anawanunua. Watoto hununuliwa mara moja tu, baadaye wanapandisha bei.

Kwa walimu wa msingi, hasa mliopokea watoto wengi baada ya 2019 na darasa halina nafasi ya kupita kati ya madawati: msihofu kwamba kopo litakula muda. Ni kweli kwamba foleni ya watoto sitini kwa mara moja inakula robo saa. Kwa hiyo fanyeni safu moja kwa siku; kufika Ijumaa darasa zima limepita. Na msiwaachie washefu wa darasa, yaani viranja, kazi ya kukusanya, maana shefu ni mkubwa mdogo. Watoto wanamwogopa kuliko wanavyokuogopa wewe, na wengine wanamlipa.

Nimeulizwa kabla ya kuingia humu kama haya yote yalinifanya mwalimu bora. Nitawapa jibu la kopo, kwa sababu ndilo nililo nalo. Baada ya ile karatasi ya kwanza nilijifundisha kuandika kimya, kisha kugeuka, kisha kusema. Ilinichukua wiki nyingi. Mkono na mdomo vilikuwa vimeoana. Nikaanza kuwatazama watoto machoni, safu kwa safu, nikihesabu kimoyomoyo nisimruke mtu. Nilijiona nimeshinda. Muhula ulipofika katikati nikazungusha kopo, nikaketi kusoma. Karatasi ya miraba, robo ukurasa, kalamu ya buluu. Sikuutafuta mwandiko safari hii, lakini nadhani ulikuwa uleule.

"Mwalimu, sasa unatuangaliaka sana. Tunaogopa."

Kesho yake niliandika ubaoni, kwenye safu ya kwanza, kwamba nimesikia.